Shingo Tupu za Upimani

Mwenye mtoto ampakate, na mwenye chungu motoni akiepue kabisa, maana habari hii haitaki msikilizaji wa nusu nusu. Ni habari ya Mashavu binti Kombo, mke wa Faki, na ya nchi iitwayo Upimani alikomfuata mumewe.

Faki hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Mashavu zaidi. Mume mbaya unamjua. Unafunga virago unakwenda kwenu. Huyu alikuwa seremala mwenye mkono mwepesi, anayemwogesha mtoto mwenyewe na kumpaka mafuta, kisha katikati ya kazi, misumari bado iko mdomoni, linamjia lile jambo lake. Anaweka nyundo chini, anatoka, anakwenda kwa wanawake wa nyuma ya soko. Akirudi anakaa kizingitini na kulia kama mfiwa. Anaapa kwa mama yake, anaapa kwa mtoto, na juma halijesha nyundo inawekwa chini tena. Wala haikuwa raha. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba raha ilikwisha zamani, kilichobaki ni kwenda tu, kama mtu anayejikuna kidonda huku damu anaiona.

Mashavu alijaribu yote ambayo mke hujaribu. Aligomba, alinyamaza, alijipamba, alikwenda kwao na kurudi. Majirani walikuwa na majina mawili tu ya kumpa Faki, mhuni na aliyerogwa, na hakuna hata moja lililomsaidia mtu.

Kisha ikaja siku Mize, binti yao, alipopata degedege. Hata miaka miwili hajatimiza. Ilikuwa mchana, jua linawaka, na Mashavu akamtuma Faki akamwite muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya soko. Faki alitoka mbio kweli, ndara moja ikabaki mlangoni. Alirudi magharibi, peke yake. Mtoto alikuwa ameshatulia mikononi mwa jirani, yu hai, na Mashavu hakuuliza kitu. Hakuuliza siku ile wala zilizofuata. Aliogopa kwamba akiuliza atajibiwa.

Juma lile lile Faki aliondoka. Alikuwa amesikia kuna nchi ambako jambo kama lake hupimwa, kama homa inavyopimwa. Alimwambia mkewe kwamba wakimpima atajua ni kitu gani, na akishakijua atakiacha huko huko. Mashavu alimfungia maandazi. Ukapita msimu wa mvua, kikapita kiangazi, Faki kimya. Wasafiri wakaleta habari kwamba Upimani mtu akishavuka mstari wa kipimo haruhusiwi kutoka mpaka arudi chini yake. Basi Mashavu akamfunga Mize mgongoni kwa kanga, akaenda kumrudisha mumewe nyumbani. Njia aliyopita haina haja ya kusimuliwa. Aliyewahi kumtafuta mtu wake anaijua.

Lango la Upimani lilikuwa na kizingiti kipana cha jiwe, na nyuma yake alikaa mama mmoja mtulivu, sinia la shanga mapajani. Aliitwa Bi Wastani. Alimkaribisha Mashavu vizuri, akampa mtoto maji, kisha akamweleza kwamba hakuna aingiaye bila kuulizwa Maswali. Majibu yalikuwa manne na hayakuwa na ndugu wa tano: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara. Ukijibu kamwe hupewi kitu. Mengine yote yana shanga zake, kadiri jibu linavyozidi ndivyo shanga zinavyozidi, na zote zinatungwa kwenye uzi unaouvaa shingoni. Uzi ukipita alama iliyochongwa ubaoni, wewe ni Mzito.

Swali la kwanza lilitaka kujua kama hutokea akamuwaza mtu, kwa mwili wake, hata kazi ikamharibikia. Mashavu alifikiri kwa uaminifu. Alisema juzi juzi wali ulimuungulia.

"Mwanangu, wali sina mahali pa kuutunga," alisema Bi Wastani. "Ni kamwe, au mara nyingi?"

"Lakini huyo ninayemuwaza ni mume wangu."

"Swali halikutaja mume."

Likafuata lililouliza kama amewahi kuacha shughuli zake na kwenda mbali kwa ajili ya mtu huyo. Mashavu akaitazama miguu yake, vumbi limefika magotini, na hakuwa na la kukana. Likafuata lingine, kama hulia baadaye. Aliuliza baadaye ya nini, akajibiwa kwamba swali linasema baadaye tu, na lilivyokuja ndivyo linavyoulizwa, maana Maswali hayakutungwa pale, yaliletwa kutoka nchi ya mbali na watu wenye elimu yao, na aliyeyaleta alikataza yasiguswe. Mwisho wa yote Bi Wastani alipima uzi wa mgeni kwenye ubao, akatikisa kichwa kwa huruma. Ulikuwa umekaribia mstari kwa upana wa ukucha. Alimshauri ajitazame.

Hivyo ndivyo Mashavu alivyoingia Upimani na uzi shingoni kwa kosa la kumkumbuka mumewe.

Ndani aliona mambo mengi. Aliona kwamba watu wa kule hawasalimiani kwa kujuliana hali. Mtu akikutana na mwenzake humtazama shingo kwanza, ndipo aamue kama atasimama. Posa zao hazina mahari wala mashairi. Wazee wa pande mbili hulaza nyuzi za vijana wao juu ya meza na kuzilinganisha. Maharusi hawapimwi mwaka wa kwanza, maana sheria ilipotungwa ilionekana kwamba wakipimwa nchi nzima itabaki bila vijana. Alionyeshwa mjane aliyekuwa Mzito kwa sababu kila akitandika kitanda alilia, na swali liliuliza juu ya kitanda na juu ya kulia, halikuuliza juu ya kifo. Hata sokoni yale majibu manne yalikuwa yameshaingia. Alimuuliza muuza nyanya kama zimeiva, akajibiwa, "Mara nyingi, dada."

Wazito walikuwa na ua wao, wenye ukuta mfupi ambao mtoto angeuruka. Hakuna aliyeuruka. Faki alikuwa amekaa chini ya ukuta huo. Uzi wake ulikuwa umeshazungushwa shingoni mara kadhaa na ulimvuta mbele, hata Mashavu akadhani kwanza ni mzee wa mtu. Alipoinua uso, ulikuwa ni uso wa Faki, ila umeoshwa. Macho yalikuwa mekundu na yalitulia.

"Mama Mize," alisema.

Mize alikuwa ameshushwa mgongoni, anachezea kokoto. Faki alichutama pembeni yake, upande wa kushoto, akamwita kwa lile jina la utani alilompa angali mchanga. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena.

"Upande huo hasikii," alisema Mashavu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Faki hakuuliza siku gani. Alizishika shanga zake kwa mikono miwili, na wote wawili wakamtazama mtoto akipanga kokoto.

Baadaye alimsimulia. Mwezi wake wa kwanza pale aliteleza mara moja, maana nchi ile ina nyuma ya soko yake kama nchi nyingine. Tangu hapo hajaenda tena. Mashavu aliposikia hivyo moyo ulimruka, akauliza kwa nini basi uzi unarefuka badala ya kupungua. Faki akacheka kile kicheko chake cha zamani, kidogo.

"Siku zile nilizokuwa nakwenda nilikuwa sioni kitu, Mashavu. Sasa nimetulia, naona. Wananiita kila mwezi mwandamo. Unajuta? Kila mara. Unajiona mchafu? Kila mara. Unawaza ulivyowaumiza watu wako? Hilo wangenimwagia sinia zima."

Mashavu alifikiri pana makosa ya hesabu, na makosa ya hesabu husahihishwa. Akamwomba jirani mwema wa pale uani amtazamie Mize, akaenda barazani kuwatafuta wakubwa.

Alikuta Baraza linajadiliana. Mjadala ulikuwa juu ya jibu la mara nyingi, lina maana ya mara ngapi, na walikuwa nao tangu Maswali yalipoletwa. Mrina asali mmoja, anayeishi porini peke yake, alishikilia kwamba jambo likitokea mara moja kwa mwezi ni nyingi. Kijana aliyeoa majuzi alisema mara moja kwa mwezi ni ugonjwa wa aina nyingine, na wao hawana kipimo chake. Waliulizana kama mara nyingi ya mtu mwenye haya ni sawa na mara nyingi ya mtu mwenye majivuno. Mwishowe wakakubaliana kwamba kila mtu atumie mara nyingi ya kwake mwenyewe, lakini mstari ubaki mmoja kwa wote, na hapo wakapongezana na kwenda kula.

Aliyewaongoza kwenda kula alikuwa Bwana Nadhifu, mtu wa kanzu nyeupe na shingo tupu kabisa. Hakuwa na ushanga hata mmoja, na kwa sababu hiyo alikuwa ndiye mhubiri wa nchi ile katika mambo ya kujizuia. Alimsalimu Mashavu kwa kumpa mkono, na ule mkono ukakawia, kidole kimoja kikitembea kwenye kiganja chake, kitabasamu chepesi kikiwa usoni. Mashavu akauvuta wake. Mwanamke aliyekuwa akifagia baraza aliliona hilo, akainama zaidi juu ya ufagio. Walipobaki wawili alimwambia Mashavu kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake aliwahi kufanya kazi katika nyumba ile, na kabla yake binti wa fulani, na kabla yake wa fulani, na wote walitoka bila kwaheri, na mdogo wake mpaka leo hapendi kuguswa bega.

"Na shingo yake mbona tupu?" aliuliza Mashavu.

"Wanamuuliza, umewahi kujuta? Kamwe. Umewahi kujaribu kuacha ukashindwa? Kamwe. Na kweli, hasemi uongo. Hajajaribu, atashindwaje?"

Mpimaji Mkuu aliitwa Bwana Kadiri. Mashavu alijiandaa kumkuta mtu mkali, akamkuta mpole, amechoka, miwani imefungwa kwa uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho, na alipoambiwa kwamba Maswali yanapima majuto ya watu na kuwaacha wasio na majuto, hakukasirika. Alisema malalamiko hayo si mageni. Kipimo chao kimejaribiwa mara elfu. Ukimpima mtu leo na kesho kinatoa uzi ule ule, na hilo ni jambo adimu kwa vipimo.

Kisha akavua miwani. Alimwambia kwamba zamani katika nchi ile mtu kama Faki alipigwa mawe. Hakuna aliyeamini kwamba mtu anaweza kwenda mahali huku hataki kwenda. Bwana Kadiri mwenyewe alikuwa na kaka, na mawe aliyaona kwa macho yake. Maswali yalipoletwa aliyapokea kwa machozi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mtu aliweza kunyoosha uzi mbele za watu akasema, tazameni, naumwa.

"Tulipompa uzi, watu waliweka mawe chini," alisema. "Usiudharau uzi, dada yangu."

"Siudharau," alijibu Mashavu, na kwa kweli alikuwa haudharau tena. "Ila nyinyi baada ya kumpa uzi, mlimpa nini?"

Bwana Kadiri alitazama mezani, kama aliyeweka kitu pale na sasa hakioni.

"Tulimpa siku ya kupimwa tena," alisema.

Mashavu alitoka pale akiwa ameamua. Alikuwa amechoka kukumbatia mto, amechoka kujibu watu, na Mize alikuwa ameanza kuwaita wanaume wa njiani baba. Alijiambia kwamba nchi isiyojua inachopima haistahili ukweli wa mtu. Alirudi uani, akakaa mbele ya mumewe, magoti yakigusana, akamwambia atamfundisha kujibu.

Wakaanza. Yeye alikuwa mpimaji, Faki akawa Faki. Unajuta? Faki akafungua mdomo, jicho likalowa. Mashavu akamwambia akaushe, waanze upya. Unajuta? Kamwe, alisema Faki, na sauti ikapasuka katikati. Upya. Alimfundisha kutazama juu kidogo ya kichwa cha anayeuliza. Alimfundisha kuwaza mbao, upana wake na urefu wake, kila linapotajwa jina la mtu. Alimfundisha kutabasamu baada ya jibu, kitabasamu chepesi cha mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokuwa na haja nacho. Siku za kwanza Faki alikuwa mzito wa kujifunza, na Mashavu alimgombeza kama mtoto wa chuoni. Halafu ikaja siku alimuuliza yote toka mwanzo hadi mwisho, naye akayajibu yote, uso mkavu, na Mashavu akapiga makofi. Mize naye akapiga makofi, bila kujua ni ya nini.

Mwezi ulipoandama Faki alipimwa, na uzi wake ukatoka mfupi kuliko wa mkewe. Wapimaji wakasema dawa imefanya kazi, ingawa hakuna aliyekumbuka kumpa dawa. Bwana Nadhifu alikuja mwenyewe kumvua zile shanga za zamani mbele ya watu. Alimpiga begani, akamkaribisha kwenye jamii ya wenye shingo nyepesi. Faki akatabasamu kile kitabasamu chepesi. Mashavu alikuwa amesimama pembeni na alikiona, ila mawazo yake yalikuwa kwenye mizigo ya safari, akakipuuza.

Desturi ya kutoka Upimani ni hii. Anayeondoka husimama juu ya kizingiti cha jiwe, Bi Wastani humpangusa uso kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka kikavu, anavuka. Kikitoka kimelowa, hata kwa tone, anarudi uani akapimwe upya, maana sheria yao inasema aliyepona halii. Sheria hiyo inaishia pale jiwe linapoishia. Ukishakanyaga mchanga wa nje, lia upendavyo.

Mashavu alivuka kwanza na Mize kiunoni. Faki akapanda jiwe. Bi Wastani akampangusa paji, mashavu, pembe za macho, akakikunjua kitambaa mbele ya wote. Kikavu. Lango likafunguliwa, na Faki akaja anatembea juu ya lile jiwe pana, hana haraka, shingo imenyooka kama siku ya harusi yao. Mashavu alimwona mumewe anakuja, moyo ukataka kutoka.

"Umefurahi, Baba Mize?" alimuuliza.

"Kila mara."

Mashavu alicheka, akidhani ni utani. "Ulitukumbuka huko?"

"Mara nyingi."

Hakuwa anatania. Alikuwa anatazama juu kidogo ya kichwa cha mkewe. Mashavu akaacha kucheka. Akauliza la tatu kwa sauti ndogo, na alipokuwa akiliuliza alitamani jibu lichelewe, hata kidogo tu.

"Faki. Unajuta?"

"Kamwe," alisema Faki, na kitabasamu kikafuata, chepesi, safi.

Mashavu alikijua kilikotoka. Alikuwa amekifundisha mwenyewe, lakini kabla yake alikuwa amekiona barazani juu ya kanzu nyeupe. Aliwaza nyumba yake, mlango wake, kile kizingiti ambacho Faki alikuwa akikaa kulia. Atakirudia sasa, atakipita tu, hatakaa. Atatoka na nyundo itawekwa chini na atarudi na kula chakula chake, na akiulizwa atasema kamwe. Na kama kuna msichana atakayekuja kumsaidia kufua, Mashavu atamwambia nini yule msichana.

Hatua mbili zilibaki. Angesubiri hatua hizo mbili, angeweza kuuliza chochote na sheria isimguse mtu. Lakini alijijua. Siku ya degedege alijiambia atauliza kesho, na mpaka leo hajauliza. Faki akishakanyaga mchanga, watashikana mikono, watakwenda nyumbani, na swali litakuwa kesho mpaka watakapozikwa.

Akamhamisha Mize upande wa pili wa kiuno. Akasema:

"Siku mtoto alipokuwa anakufa, nilikutuma. Ulikuwa wapi?"

Faki alisimama. Alitazama juu ya kichwa cha mkewe, na Mashavu aliona anatafuta mbao, upana wake, urefu wake. Mbao hazikuja. Macho yakashuka polepole mpaka yakafika usoni pa Mashavu, yakabaki hapo. Bi Wastani, kitambaa mkononi, alisahau kufunga lango.

"Nilifika mpaka kona ya zahanati," alisema Faki. "Mlango niliuona, uko wazi. Muuguzi yupo, anakunywa chai. Ningeita tu angenisikia. Nikajiambia, napita kule mara moja, nitulie, kisha nije nimwite. Nikapita. Na nilikuwa namsikia, Mashavu. Niko kule ndani, namsikia mtoto analia, na siwezi kuinuka."

"Hakulia siku ile," alisema Mashavu. "Hakuwa na nguvu ya kulia."

"Nilimsikia."

Alisema na mengine. Alisema jinsi alivyotoka akakuta jua limeshuka, na kwamba aliporudi aliogopa kuingia kwa sababu hakusikia sauti yoyote ndani. Alisema kila kitu, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa vitu kwenye sanduku na kuvilaza kimoja kimoja, na machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni na kudondoka juu ya jiwe la Upimani. Mashavu alisikiliza. Jibu liliuma kama alivyojua tangu zamani kwamba litauma. Alikaa chini mchangani, mtoto mapajani, akaendelea kusikiliza.

Faki alipomaliza, Bi Wastani alikohoa. Kazi ni kazi.

"Hayo yalitokea mara chache," aliuliza taratibu, "au mara nyingi?"

Alitazama sinia lake, akalitazama lile jibu refu lililokuwa limesemwa, na mkono ukabaki juu ya shanga bila kuchukua. Kitambaa alikishika hivyo hivyo muda mrefu, hakikwenda usoni kwa Faki. Lakini walinzi wengine walikuwa wameshaona jiwe limelowa, wakaja, na yeye akasogea kuwapisha.

"Umenirudisha uani, mke wangu," alisema Faki. Hakusema kwa ubaya. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo, anatazama mikono yake.

"Nimekurudisha," alisema Mashavu. "Mvua zikikatika nitakuja. Nitakuuliza lingine."

"Uliza."

"Na wakikuuliza wao?"

"Nitawapa shanga zao. Majibu yenye maneno nitakuwekea wewe."

Walinzi walikuwa waungwana, walimpa muda wa kumuaga mtoto. Mashavu alisimama, akajipangusa mchanga, akasogea mpaka jiwe linapoanzia, akamnyoosha Mize mbele. Faki akamchukua kwa makwapa. Mtoto alitazama ule uso uliolowa, akaugusa kwa kiganja, akakitazama kiganja. Faki akasogeza mdomo kumwambia jambo, na alikuwa upande wa kushoto.

Akasita. Akamgeuza mtoto taratibu, kama anavyogeuzwa mtu aliyelala, akaweka mdomo wake kwenye sikio la kulia, akasema.

Yalikuwa maneno mengi. Mize alisikiliza mdomo wazi, kisha akacheka kwa sauti. Mashavu hakuuliza ni nini. Alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni, na lile shavu dogo lililolowa likajilaza begani kwake njia nzima, mpaka likakauka.